Mama wa Saluni na Fainali ya Kimya

Mpira ukianza, Mama wa Saluni aliigeuzia televisheni mgongo. Ilikuwa televisheni yake mwenyewe, ameitundika juu ya vioo vya saluni, na dekoda ilikuwa yake, lakini sikumbuki kumwona akitazama mechi. Alivuta kigoda, akakaa akituelekea sisi, akasuka. Kama hakuwa na kichwa cha mteja mapajani, alichambua nywele bandia akizitenganisha fungu kwa fungu, na macho yake yalizunguka nyusoni mwetu. Goli likikaribia alilijua kwa namna mabega yetu yalivyopanda.

"Miye sitazame mupira," aliniambia mara moja nilipomuuliza. "Natazama batu. Mupira unaisha, batu banabakia mu nyumba yangu."

Nilikuwa nimepanga kona ya saluni hiyo pale Kensington, mtaa mmoja wa huku kusini mwa Afrika, kwenye barabara kuu yenye maduka madogo madogo. Kona yangu ilikuwa na cherehani, meza ya kukatia na waya wa kutundikia nguo. Yeye Mkongo wa Lubumbashi, mimi mtu wa Tanga. Miaka tuliyokaa pamoja nguo zangu zilinuka mafuta yake ya nywele na wateja wake walitoka na vipande vya uzi wangu kwenye sketi. Aliniita Fundi. Mimi na wengine wote tulimwita Mama wa Saluni, hata wale waliomzidi umri.

Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, na sauti yake haikujua kunong'ona. Akisali, mwenye duka la viatu upande wa pili wa ukuta aliitikia amina. Akisengenya, anayesengenywa alisikia akiwa bado yuko kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, akisubiri ya kijani. Siku za kwanza niliona aibu kwa niaba yake. Baadaye nilizoea, nikaanza hata kumtegemea, maana mahali anaposikika Mama wa Saluni hapakuwa na fununu. Kila neno lilikuwa hadharani.

Ulimi wake ulikata. Kuna mwanamke mmoja mwenyeji, mrembo, aliyekuja kusuka rasta ndefu akiwa na rafiki yake. Walizungumza Kizulu muda wote wakicheka. Mama wa Saluni na wenyeji alikuwa akitumia Kiingereza chake cha kuungaunga, basi sote tuliamini Kizulu hakijui. Nusu ya kichwa ilipokamilika alisimama, akafuta mikono, akamwambia yule mwanamke kwa upole wa ajabu, "Half is finish. Other half, go to your people." Nusu moja ya kichwa ilikuwa imesukwa kwa ustadi unaotamanisha, nusu nyingine timutimu. Yule mwanamke alitoka akilia kwa hasira. Kesho yake alirudi peke yake na kuku wa kukaanga ndani ya mfuko, akaketi kwenye kiti kilekile. Mama wa Saluni alikula paja, akanawa, akamaliza kazi. Toka siku hiyo yule mwanamke hakusukwa na mtu mwingine.

Nilimuuliza walikuwa wamesema nini. "Hapana kitu," akajibu. "Mambo ya bale batu."

Kwa wageni waliofika mjini bila mwenyeji alikuwa na godoro. Lilikaa limekunjwa nyuma ya pazia, karibu na jiko. Nimewaona wakilala hapo mafundi seremala wa Bukavu, wasichana wa Bujumbura, hata Mzanzibari mmoja aliyekuwa akiamka alfajiri na kuswali kati ya draya mbili za nywele, na Mama wa Saluni, ambaye alikuwa mlokole wa kupiga magoti, akimpigia kelele mtu yeyote aliyetaka kupita mbele yake. Hakumuuliza mtu anakaa mpaka lini. Aliwauliza tu kama wanajua kuosha vyombo.

Ndiyo maana ilinichukua muda kuamini kwamba mwanamke huyuhuyu alikuwa na mdogo wake wa kiume, tumbo moja, anayeishi mitaa miwili kutoka pale, na hawasemezani.

Habari yenyewe nilisimuliwa na wengine, vipande vipande, na mwisho akanimalizia yeye. Mwaka 2015, ile wiki ya fujo, wakati maduka ya wageni yalipokuwa yakivunjwa, alikimbia na begi la nywele mgongoni hadi kwa mdogo wake. Mdogo wake alikuwa fundi simu, na alikuwa amemuoa binti wa hapa, mzaliwa wa Alexandra, kitongoji cha wenyeji. Mama wa Saluni aligonga geti. Aliita. Aliona pazia likisogea, kisha taa ikazimwa. Geti halikufunguliwa. Alijificha kwenye choo cha kituo cha mafuta hadi kulipotulia.

"Aliogopa," nilimwambia. "Alikuwa na mkewe ndani."

"Najua aliogopa. Hata miye niliogopa. Sababu niliogopa, njo maana nilienda kwake."

Hakulitaja tena jina la mdogo wake. Alisema "yule mutu". Na mkewe alikuwa "ule wa Alexandra", ambaye hakuwahi kumpa hata mkono. Lakini mteja yeyote aliyepita duka la simu aliulizwa akiwa ameinamishwa kichwa, asiweze kumtazama muulizaji: "Yule mutu iko muzima? Amekonda? Bado anakohoa?" Akishajibiwa, alivuta nywele kwa nguvu zaidi kidogo na kubadilisha mazungumzo.

Mpira uliingia saluni kwa bahati tu. Mlinzi mmoja Mrundi, ambaye mkewe alikuwa akisukwa Jumamosi, aliomba asubirie ndani na kubadilisha chaneli. Jumamosi iliyofuata alikuja na mwenzake. Baada ya muda tulikuwa tukijaa mpaka mlangoni, kila mtu na kiti chake, na Mama wa Saluni akatuwekea utaratibu. Wapenzi wa timu nyekundu ya London walikaa upande wa vioo. Wapenzi wa timu ya bluu, ya London hiyohiyo, upande wa draya. Pombe hapana. Matusi kwa mama wa mtu hapana. Kabla ya mechi sala, naye alisali ndefu, akiwaombea marefa, wachezaji, wasafiri na wagonjwa, mpaka watu wakaanza kuchungulia televisheni kwa jicho moja.

Kelele kuliko wote alikuwa kijana wa Kikenya aliyefanya kazi benki kule Sandton. Tulimwita Mhasibu. Alikuja na gari zuri, akaliegesha mbele ya saluni, akavua tai na kuvaa jezi nyekundu juu ya shati la kazi. Nilimuuliza kwa nini asitazame kwake, kwenye ghorofa lenye kila kitu. "Kwangu naangalia mpira na friji," akasema. "Nikifunga goli nampigia nani kelele?"

Mdogo wake Mama wa Saluni alikuwa bluu. Kila mtu alijua. Alikuwa akitazama mechi peke yake kwenye simu, ndani ya duka lake.

Mwaka 2017 nyekundu na bluu walikutana kwenye fainali ya kombe kongwe la Waingereza. Bluu walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa ligi na walitembea vifua mbele. Nyekundu walikuwa na msimu wa masikitiko, lakini wakishinda wangekuwa wamelichukua kombe hilo mara nyingi kuliko timu yoyote katika historia yake. Wiki nzima saluni haikukalika. Mrundi na Mhasibu walitumiana sauti za kebehi kwenye simu. Wanawake waliokuja kusuka walitakiwa waseme wako upande gani kabla ya kukaa.

Lakini kulikuwa na jambo jingine wiki hiyo. Kulikuwa na maneno mtaani. Mtu kaambiwa na mtu kwamba kuna vijana wanapita usiku kuangalia maduka ya wageni ni yapi. Mwenye duka la viatu alihamisha bidhaa zake. Duka dogo la spaza lililotutazama, la Mhabeshi, lilifungwa mchana kweupe siku mbili. Mama wa Saluni alisikia yote na hakusema kitu, na kwa mtu mwenye sauti ile, kunyamaza kwake kulinitia hofu kuliko maneno yenyewe.

Jumamosi ya fainali baridi ilikuwa imeingia. Magharibi nilipata ujumbe kwamba mwezi umeandama, Ramadhani kesho. Niliwaza nifunge cherehani nikawahi tarawehe, lakini barabara ilikuwa tupu kwa namna nisiyoipenda, nikaona ni afadhali nikae palipo na watu. Mama wa Saluni aliniangalia nikirudisha buibui kwenye msumari.

"Unabakia?"

"Nabaki."

"Muzuri," akasema, na sala yake siku hiyo ilikuwa fupi.

Nyekundu walipata goli mapema sana, goli la ubishi. Bluu walidai mpira umeshikwa kwa mkono, refa akaenda kumuuliza msaidizi wake, akarudi akalikubali. Upande wa draya ulilipuka. Mrundi alisimama juu ya kiti. Mhasibu akacheza mbele yake akitikisa kiuno. Ilikuwa furaha na hasira kama ya siku zote, na kwa muda nilisahau barabara.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeshika moto simu ya Mhasibu ilipotetemeka, kisha ya Mrundi, kisha simu zote kama zimeambizana. Ilikuwa sauti ya mwanamume Mkongo, anahema: wanakuja kwa barabara kuu, wana marungu, wanavunja, fungeni.

Mama wa Saluni alikuwa ameshasimama. Hakuihitaji simu. Alikuwa ametuona nyuso.

Alivuta shata la chuma hadi chini na kutia kufuli kwa ndani. Alizima taa. Alichukua rimoti, akaizima sauti ya televisheni, lakini picha akaiacha. Nilitegemea azime yote. Baadaye aliniambia kwamba watu wakikaa gizani bila kitu cha kutazama wanatazama hofu, kisha mmoja anapiga kelele. "Tazameni mupira," alisema. Na hapo ndipo nilipomsikia akinong'ona kwa mara ya kwanza. "Tazameni mupira wenu. Hata akifunga nani, mutu asifungue kinywa."

Basi tukatazama. Mwanga wa kijani wa uwanja ulicheza kwenye vioo, ukatuonyesha sisi wenyewe tumebanana, macho makubwa. Mchezaji wa bluu alianguka kwenye boksi akitaka penalti, refa akamwona anadanganya, kadi ya pili ya njano, nyekundu, nje. Siku nyingine jambo hilo lingetuvunjia viti. Mhasibu alijipiga paja taratibu, kofi lisilo na mlio. Mrundi aliinamisha kichwa katikati ya magoti.

Nje tulisikia hatua nyingi. Tukasikia filimbi ya mdomo, kicheko, halafu kioo kikipasuka upande wa pili, kwa Mhabeshi. Mwanamke mmoja karibu yangu alianza kusema "Yesu, Yesu, Yesu" bila sauti, midomo tu. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi wangu wa kukatia vitambaa, sijui nilitaka kuufanyia nini.

Bluu, wakiwa pungufu, walisawazisha.

Niliwaona wanaume wa upande wa draya wakikumbatiana wawili wawili, wakibanana mbavu, vinywa wazi, na hakuna hata pumzi iliyosikika. Machozi yalimtoka Mrundi. Mama wa Saluni alikuwa amekaa kigodani akitutazama, kidole kimoja juu.

Ndipo shata lilipopigwa.

Halikupigwa kwa rungu. Lilipigwa kwa viganja viwili, chini, kama mtu aliyepiga magoti. Kisha sauti, karibu kabisa na bati: "Yaya! Yaya, ni miye! Fungula!"

Yaya, kwa kwao, ni dada mkubwa. Kila mtu mle ndani alijua ni nani.

"Usifungue," Mhasibu alinong'ona. Alikuwa amefika kwake kwa hatua za kunyata. "Mama, nakuomba. Wako nyuma yake. Ukifungua wataingia, na hapa kuna wanawake, kuna watoto."

"Mlango wa nyuma," mtu akasema. "Azunguke."

"Nyuma kuna ukuta na nyaya," akajibu mwingine. "Hawezi."

"Yeye mwenyewe hakukufungulia," alisema mwanamume mzee wa kanisani kwake, tena kwa huruma, kama anayempa ruhusa. "Hakuna atakayekulaumu, mama. Kila mutu hapa anajua."

"Yaya!" Viganja vikapiga tena. Kwa mbali mtu alipiga mluzi na hatua zikaanza kukimbia kuelekea kwetu.

Nilikuwa karibu naye nikaona uso wake kwa mwanga wa televisheni. Siwezi kusema niliona upendo. Niliona mtu aliyekasirika sana, aliyekasirika kuliko siku zote nilizomjua, na katikati ya hasira hiyo mkono wake ulikuwa tayari unatafuta ufunguo kwenye sidiria.

"Kamata shata," alimwambia Mhasibu. "Na weye, na weye. Nikisema shusha, mushushe."

Alifungua kufuli. Wanaume watatu walipandisha shata kufika magotini. Mdogo wake alipita kwa tumbo, damu ikimtiririka kutoka juu ya sikio, na Mama wa Saluni akamvuta kwa kola ya koti kama anavyovutwa mbuzi. "Shusha!" Shata lilishuka na halikufika chini. Lilikuta mguu. Kiatu cha kazi, kipana, na suruali ya jinzi. Nje rungu lilipiga bati juu ya vichwa vyetu, saluni yote ikalia. Mhasibu alikuwa ameweka bega kwenye shata, ameligeuzia mgongo, uso wake kwenye televisheni. Wengine walimrukia kusukuma. Mwenye mguu alipiga yowe.

"Muache," Mama wa Saluni akasema. "Musimuvunje."

Akapiga magoti pale sakafuni, shavu lake karibu na kile kiatu, akaanza kuzungumza. Kizulu. Si cha kuungaunga. Kilitoka kimenyooka, cha mama anayemwita mtoto aje ale, chini, polepole, bila kusihi. Mimi nilishika maneno mawili matatu tu. Alimwuliza yeye ni mtoto wa nani. Akamwuliza mara ya pili. Akamwambia kwamba hapa ndani kuna mama zake, na kwamba ana mguu mzuri, autoe, aende nao nyumbani.

Mguu ulitulia. Nje mtu alikuwa akifoka, na sauti nyingine ikamjibu. Nilihesabu pumzi zangu nikapotea. Kisha kiatu kiligeuka upande, kikachomolewa, na shata likagonga sakafu.

Na wakati huohuo, bega likiwa bado limekaza bati, Mhasibu aliona nyekundu wakifunga. Krosi kutoka kushoto, kichwa, wavuni. Sisi wengine tulikuwa tumegeukia shata, hatukuona. Yeye aliona goli la kuandikwa kwenye historia ya timu yake akiwa hawezi kusogea wala kulia. Alichofanya ni kuuma mkono wa shati lake la kazi. Aliuuma mpaka niliposhona baadaye nikakuta meno yake yamepita nguo yote.

Walilipiga shata kwa muda. Jiwe moja lilipasua kidirisha cha juu, vioo vikatunyeshea vichwani. Halafu taa ya njano ilipita kwenye ule upenyo, ikizunguka, gari la walinzi wa mtaa, na hatua zikatawanyika. Hatukuamini. Tulikaa vilevile. Filimbi ya mwisho ikapulizwa Uingereza, watu wakakimbia uwanjani, kombe likainuliwa na riboni nyekundu, na saluni nzima ilitazama sherehe kama watu wanaotazama mvua kupitia dirishani.

Nilichana kitambaa cha satini, kilichokuwa kiwe gauni la mtu, nikamfunga kichwa mdogo wake. Alikuwa amebaki dukani kutazama mechi kwenye simu, wakamkuta.

Mama wa Saluni aliwasha taa, akachemsha chai. Akamimina kikombe, akanipa mimi. "Mupe yule mutu."

Nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili. "Yaya," akasema, "aksanti."

"Fundi," Mama wa Saluni akasema, "mwambie anyamaze. Akisema, damu inatoka."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu walitegemea wakumbatiane. Mzee wa kanisani alishaanza hata kuimba pambio la shukrani. Hakukuwa na kukumbatiana. Alimtandikia godoro la wageni, akamfunika blanketi mbili, akakaa kigodani akimchunga mpaka kukapambazuka, na mdogo wake alipoamka, dada mtu alikuwa ameondoka kwenda kununua mkate. Alihakikisha harudi mpaka yule amekwenda.

Miezi ilipita nikamuuliza, maana swali lilinikereketa. Kama hajamsamehe, kwa nini alituhatarisha sote?

Alikuwa akisuka. Alifika mwisho wa msuko, akachovya ncha kwenye maji ya moto, akaipangusa. "Kufungula ni mukono," akasema. "Mukono ulienda. Kusamehe ni ingine kazi. Ile bado nafanya."

Na Kizulu je?

"Kizulu niko nacho tangu zamani. Mutu akijua unasikia, hasemi tena mbele yako."

Mhasibu aliendelea kuja. Alimletea kidirisha kipya na fundi wa kukiweka, na kila mechi alimsalimia kwanza yeye kabla ya kukaa. Hakuna aliyezungumzia yale maneno ya usifungue. Mama wa Saluni alimsuka mchumba wa kijana huyo siku ya harusi, kichwa kizima, akamwambia bibi harusi, kwa ile sauti ya kusikika mpaka robot, kwamba mume wake ana bega zuri.

Mwaka uliofuata nilipata chumba cha kushonea upande wa magharibi wa mji, karibu na msikiti, nikahama. Tulipigiana simu Krismasi na Idi. Baadaye tukapunguza, si kwa ugomvi, kwa kazi tu.

Mwaka 2019 fujo zilirudi. Moshi ulionekana mashariki ya mji, watu wetu wakajifungia, na Alexandra ilitajwa kila saa. Katikati ya siku hizo nilikwenda hospitali kuchukua dawa zangu za presha, na nikipita kwenye korido ya wazazi nilisikia mtu akimkemea muuguzi kuhusu blanketi. Nilisimama. Hakuna sauti mbili kama ile.

Alikuwa kwenye benchi, amejifunga shali begani na kitambaa kichwani kama wanawake wa hapa wanaokwenda msibani. Alikuwa amepungua. Alipoinuka kunikumbatia nilisikia mifupa.

"Fundi! Kaa. Usiniulize, nitakuambia."

Akanieleza. Wifi yake, ule wa Alexandra, alikuwa amekwenda kwa mama yake kusubiri kujifungua, na uchungu ukamkuta mama yake katoka. Mume, ambaye tangu aache duka la simu alikuwa mlinzi wa ghala nje ya mji, alikuwa zamu, simu haipatikani. Magari ya wagonjwa yalikataa kuingia kule siku hiyo. Binti wa watu akampigia wifi ambaye hajawahi kumpa mkono.

"Ukaenda Alexandra?" nikamuuliza. "Wewe? Juzi hizi?"

"Nilipanda taxi. Nilivaa hivi. Nikanyamaza njia nzima, na weye unajua vile miye ninyamaze ni shida." Alicheka, akakaza shali begani. "Walisimamisha gari mara moja, bakachungulia. Mumoja akaniuliza ninaenda wapi. Nikasema kwa Kizulu, binti yetu anazaa. Akanitazama. Akafunga mulango, akapiga gari, akasema endeni."

"Na mdogo wako anajua?"

"Atajua akifika." Alitazama mlango wa wodi. "Ule binti alinishika mukono njia yote ya kurudi mu taxi. Iko na nguvu. Ona." Akanionyesha alama za kucha.

Muuguzi alitoka akiuliza ndugu wa mzazi ni nani. Mama wa Saluni aliinuka kabla swali halijakwisha, nami nikamfuata. Yule binti alikuwa amelala, uso umemvimba kwa uchovu, na kitoto cha kike kimefungwa kifuani kwake. Mama wa Saluni alisimama mwisho wa kitanda. Hakusogea. Sikuwahi kumwona asijue aweke wapi mikono.

Muuguzi alishika kalamu, akauliza jina la mtoto.

Binti alimtazama wifi yake, akalitaja. Nililijua, kwa sababu tulikuwa tumefanya kazi pamoja, lakini miaka yote ile sikuwahi kusikia mtu akimwita nalo. Lilikuwa jina lake yeye, Mama wa Saluni, lile alilopewa na wazazi wake Lubumbashi, na binti wa Alexandra alilitamka kwa lafudhi ya kwao, akivuta silabi ya katikati. Bila shaka alifundishwa na mumewe.

Muuguzi akaanza kuandika. Mama wa Saluni alizunguka kitanda, akainama juu ya bega la muuguzi, akaangalia kalamu inavyokwenda.

"Hapana, mama," akasema, na kwa mara ya pili maishani mwangu nilimsikia akinong'ona. "Ya mwisho ni A. Andika vizuri."

Muuguzi akafuta, akaandika upya.